Mwambie Mfamasia Unachougua, Si Dawa Unayotaka

Simama jioni ya Jumamosi nje ya duka la dawa katika mtaa wa Kayole, Umoja, Dandora au Kariobangi, usikilize yanayosemwa kwenye dirisha lenye wavu wa chuma. Wa kwanza ataitisha "Amoxyl ya mia". Wa pili, mama aliyembeba mtoto mgongoni, atasema: "Daktari, nipatie Flagyl ya mtoto, anaharisha tangu jana." Wa tatu, kijana aliyeshinda akisukuma mkokoteni Gikomba, ataomba ile dawa ya mgongo aliyopewa wiki jana. Wa nne atauliza bei ya dawa ya taifodi. Baada ya dakika kumi wote wanne wamehudumiwa na kwenda zao, pesa zimeingia kwenye droo, na hakuna hata mmoja aliyeulizwa swali.

Wako wataalamu wanaopenda kuwakaripia watu kama hawa. Husema Wakenya waache kujitibu, waende hospitalini. Mimi sikubaliani nao. Mtu anayelipwa kwa siku hawezi kupanga foleni katika kituo cha afya tangu alfajiri kwa ajili ya mafua. Akikosa kazi siku hiyo, nyumbani hakupikwi. Duka la dawa liko hatua chache kutoka langoni, hufunguliwa mapema na kufungwa usiku, halina foleni wala kitabu cha kuandikiwa, na mteja hulipa kulingana na kilichomo mfukoni.

Tena mazoea haya yana historia. Serikali ilipoanzisha mpango wa kugawana gharama katika hospitali za umma mnamo 1989, wagonjwa wengi walianza kulipia kile walichozoea kupewa bure, na maduka ya dawa yakapata wateja. Ada katika zahanati na vituo vya afya ilipunguzwa mwaka wa 2004, hatimaye ikaondolewa mwaka wa 2013, lakini desturi ilikuwa imekwisha kuota mizizi. Kisha zikaja siku za migomo. Madaktari waligoma kwa siku 100 tangu Desemba 2016 hadi Machi 2017, na kabla mwaka huo haujaisha wauguzi nao wakakaa nje kwa takriban miezi mitano. Mwaka wa 2024 madaktari waligoma tena kwa siku 56. Katika miezi hiyo yote, mkazi wa Huruma au Mukuru ambaye mtoto wake alipandwa na joto usiku alikwenda wapi? Alibisha kwenye dirisha lile lile la wavu.

Kwa hivyo sisemi watu wasiende dukani. Waende. Kosa liko katika namna tunavyokwenda, na katika mtu tunayemkuta huko. Tunafika tukiwa tumekwisha kujipima na kujiandikia dawa, tumebaki kutafuta wa kutuuzia tu. Naye tunamwita daktari, bila kujua kama hata kufunga kidonda amefunzwa.

Sheria iko wazi. Sheria ya Dawa na Sumu, Sura ya 244 ya Sheria za Kenya, imekuwapo tangu 1957. Duka la dawa haliruhusiwi kufanya kazi bila kusajiliwa na Bodi ya Dawa na Sumu, na lazima lisimamiwe na mfamasia au mtaalamu wa dawa mwenye diploma aliyeandikishwa na bodi hiyo. Mfamasia husoma chuo kikuu kwa miaka mitano kisha hufanya kazi mwaka mmoja chini ya uangalizi. Chuo Kikuu cha Nairobi kimekuwa kikifunza fani hiyo tangu 1974. Yule wa diploma husoma miaka mitatu, wengi wao katika chuo cha KMTC. Vyeti vinatakiwa vitundikwe mahali ambapo mteja anaweza kuviona.

Sasa tazama ukutani uone. Katika maduka mengi cheti kipo, mwenye cheti hayupo. Aliyepo ni binamu wa mwenye duka, au msichana aliyemaliza kidato cha nne akafunzwa kwa wiki mbili kusoma majina kwenye rafu. Bodi hufanya misako mara kwa mara na kuyafunga maduka kadhaa, na mengine huibuka tena katika mtaa wa pili yakiwa na rangi mpya. Simlaumu yule msichana, kwa sababu anatafuta riziki na hajui asilolijua. Namlaumu aliyemkodishia mfanyabiashara cheti chake akaenda kuketi kwingine, maana yeye anaijua hatari aliyoiacha pale dirishani.

Turudi kwa yule mama wa Flagyl, kwani kisa chake kina mengi ya kutufunza. Kuhara kwa watoto wadogo aghalabu husababishwa na virusi, hasa virusi vya rota, ambavyo chanjo yake ilianza kutolewa nchini Julai 2014. Flagyl huua amiba na jamii fulani za viini, lakini virusi haivigusi. Isitoshe, kinachomwangamiza mtoto anayeharisha mara nyingi ni kukaukiwa na maji na chumvi mwilini, na hilo laweza kutokea kwa siku moja au mbili tu. Dawa anayohitaji ni chumvi ya kurudisha maji mwilini, ile ya pakiti ambayo wengi huiita ORS, pamoja na tembe za zinki. Shirika la Afya Duniani na UNICEF walitoa mwongozo huo mwaka wa 2004. Mtoto wa miezi sita na zaidi hupewa miligramu 20 za zinki kila siku kwa siku 10 hadi 14, na aliye chini ya miezi sita hupewa miligramu 10, hata kama kuhara kumekoma siku ya tatu. Ni dawa za bei nafuu mno, na pengine ndiyo sababu hakuna anayeharakisha kuzitoa kwenye rafu.

Hata hiyo pakiti ina elimu yake. Nyingine huchanganywa na nusu lita ya maji, nyingine na lita nzima, na imeandikwa juu yake. Ukitia maji kidogo kuliko yaliyoandikwa, unampa mtoto chumvi nyingi na waweza kumdhuru. Ukizidisha maji, dawa haina nguvu. Chupa tupu ya soda ya nusu lita, ikiwa imeoshwa vizuri, ni kipimo ambacho kila nyumba ya Eastlands inacho. Maji yawe yamechemshwa yakapoa au yametiwa dawa. Kila baada ya kuhara, mtoto wa chini ya miaka miwili hupewa robo hadi nusu kikombe, na mkubwa kidogo nusu hadi kikombe kizima, polepole kwa kijiko. Akitapika, ngoja dakika kumi uanze tena. Yaliyobaki baada ya saa 24 yamwagwe, na asiachishwe kunyonya wala kula.

Mfamasia aliyepo kazini angeyasema haya yote, lakini kabla ya hapo angemuuliza mama maswali. Mtoto ana umri gani? Ameharisha mara ngapi tangu asubuhi? Je, kuna damu kwenye choo? Anakojoa? Macho yamedidimia? Anashindwa kunyonya, anatapika kila anachopewa, amelegea, au amepatwa na degedege? Jibu la ndiyo kwa lolote kati ya hayo ya mwisho lina maana moja tu: mtoto apelekwe hospitalini usiku huo huo. Damu kwenye choo nayo haitibiwi dirishani. Mazungumzo yote hayo hayazidi dakika tatu.

Na angeuliza jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii kuwa kazi ya muuza dawa. Angeuliza maji ya kunywa mnayatoa wapi. Wakazi wa Eastlands tunajua maana ya mifereji kukauka siku tatu na kununua maji ya mitungi yasiyojulikana yalikotoka. Iwapo akina mama watatu wa ploti moja wamekuja siku moja kuomba dawa ya kuhara, mtu wa kwanza katika jiji zima la Nairobi kuzijua dalili hizo ni yule aliye dirishani. Hospitali itajua baada ya siku mbili, na wakuu wa afya baada ya wiki. Kipindupindu kimeisumbua Nairobi mara nyingi, ikiwemo miaka ya 2015 na 2017, na kila mara wa kwanza kuhara hununua dawa dukani kabla ya kulazwa. Mfamasia mwenye akili ya afya ya umma angepiga simu kwa afisa wa afya wa eneo lake jioni hiyo hiyo. Binamu wa mwenye duka atafurahi tu kwamba Flagyl imeuzika.

Sasa yule wa "Amoxyl ya mia". Ukimuuliza anachougua, atakwambia ni mafua na koo. Mafua huletwa na virusi, na amoksilini, kama antibiotiki nyingine zote, haifanyi kitu dhidi ya virusi. Kamasi kugeuka rangi ya kijani si ishara kwamba sasa unahitaji antibiotiki. Atapona baada ya wiki moja hivi, na sifa zote zitakwenda kwa zile tembe alizomeza siku mbili akaziacha. Wakati mwingine atanunua tena. Ndivyo imani hii inavyokua, kwa sababu kila mara inaonekana kuwa imethibitishwa.

Hatari yake ilitabiriwa zamani. Alexander Fleming, Mskoti aliyegundua penisilini mwaka wa 1928, alipokuwa akipokea Tuzo ya Nobel mwaka wa 1945 alionya kwamba siku itakuja ambapo mtu yeyote ataweza kununua dawa hiyo madukani, anywe kiasi kidogo kisichotosha kuua viini, na viini hivyo vijifunze kuistahimili. Ni kana kwamba alikuwa amesimama Kariobangi Jumamosi jioni. Watafiti wa KEMRI walionyesha tangu miaka ya mwisho ya 1990 kwamba viini vya taifodi hapa nchini vilikuwa vimekuwa sugu kwa dawa kadhaa za bei nafuu tulizozitegemea. Utafiti mkubwa wa kimataifa uliochapishwa mwaka wa 2022 ulikadiria kwamba usugu wa bakteria uliua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani katika mwaka wa 2019, na Afrika kusini mwa Sahara iliumia zaidi. Kenya ilizindua mpango wake wa kitaifa wa kupambana na usugu huo mwaka wa 2017. Mpango uko kwenye karatasi, na tembe za mia ziko dirishani.

Nimetaja taifodi, nami siwezi kuipita hivi hivi, maana Nairobi hakuna ugonjwa unaosingiziwa kama huo. Mtu akichoka, ana taifodi. Akiumwa na kichwa, ana "malaria na taifodi", kama mapacha. Karibu na maduka mengi ya dawa kuna chumba kidogo cha kupimia damu, na humo hutumika kipimo cha Widal, kilichobuniwa mwishoni mwa karne ya 19. Kipimo hicho hutafuta kingamwili, na kingamwili zaweza kuwapo kwa sababu uliugua zamani au kwa sababu ya maambukizi mengine kabisa. Jibu moja la Widal halithibitishi kwamba una taifodi leo. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kuotesha viini kutoka kwenye damu, kazi ya siku kadhaa katika maabara kamili. Taifodi ya kweli ipo, hasa kule ambako bomba la maji na mtaro wa maji taka vimekaribiana, na inaua. Ndiyo maana haifai kutibiwa kwa kubahatisha. Malaria nayo, Nairobi iko juu mno na baridi yake haiwapendezi mbu hao. Aliye na homa na hajasafiri kwenda Kisumu, Busia au pwani hivi karibuni huenda anaugua kitu kingine. Apimwe kwanza. Na akipatikana nayo, dawa ile ya mseto huwa ni dozi sita katika siku tatu, ya pili saa nane baada ya ya kwanza, pamoja na chakula chenye mafuta kidogo au maziwa.

Kuhusu yule kijana wa mkokoteni nitasema machache. Dawa anayoiita ya mgongo aghalabu ni diklofenaki, na kwa maumivu ya siku mbili tatu hufanya kazi vizuri. Akiimeza kila siku kwa miezi, tena asubuhi kabla hajala, anachokoza tumbo lake lipate vidonda, anazitesa figo na kupandisha shinikizo la damu. Mfamasia angemuuliza kama ana historia ya vidonda vya tumbo. Angemwambia pia kwamba tembe nyingi za maumivu zinazouzwa hata kwenye kioski zina aspirini ndani yake, na hazifai kupewa watoto.

Basi tufanyeje? Jambo la kwanza haligharimu senti. Ukifika dirishani, usitaje dawa, taja unachougua. Sema umeanza lini, umri wa mgonjwa, dawa nyingine anazomeza, kama ni mja mzito au ananyonyesha, na kama kuna dawa iliyowahi kumdhuru. Kisha uulize: "Mfamasia yuko?" Uliza bila haya, kama unavyomuuliza muuza nyama kama nyama ni ya leo. Ukiambiwa ametoka kidogo, uliza atarudi saa ngapi. Ukiambiwa hivyo mara tatu kwa wiki, tafuta duka jingine. Mitaani kwetu maduka ya dawa si adimu.

Utakapompata aliyesoma, utashangaa ni mangapi anaweza kuyamaliza pale pale. Kiungulia, mafua, kikohozi cha siku chache, minyoo, upele, kuvimbiwa, kuumwa na mgongo, kuwashwa macho kwa sababu ya vumbi la Juja Road, haya hayahitaji kitanda cha hospitali. Atajua pia ni lipi linaloonekana dogo na si dogo. Chukua choa cha kichwani, kile watoto wetu wanachokiita mashilingi. Mama hununua krimu, akapaka mwezi mzima, na nywele zinaendelea kung'oka. Krimu haifiki kwenye mzizi wa unywele. Choa cha kichwani huhitaji dawa ya kumeza kwa wiki kadhaa. Tena krimu nyingi zinazosifiwa kwamba zinatibu kila kitu zina steroidi ndani, ambayo hupunguza mwasho kwa siku mbili huku kuvu ikisambaa kwa raha zake.

Anajua pia mahali pa kukoma. Kikohozi kilichopita wiki mbili, jasho la usiku na kukonda si mambo ya kuuziwa chupa ya nne ya dawa ya kikohozi. Uchunguzi wa kitaifa uliofanywa mwaka 2015 na 2016 ulionyesha kwamba Kenya ilikuwa na wagonjwa 558 wa kifua kikuu kwa kila watu 100,000, idadi kubwa kuliko ilivyodhaniwa, na wengi walikuwa hawajagunduliwa. Baadhi yao bila shaka walikuwa wateja wazuri wa sharubati za kikohozi. Kifua kikuu hupimwa na kutibiwa bila malipo katika vituo vya umma, na neno moja la mfamasia, "Baba, nenda ukapimwe makohozi", lina thamani kuliko rafu nzima. Vivyo hivyo kwa presha. Uchunguzi wa mwaka 2015 ulionyesha kwamba karibu mtu mzima 1 kati ya 4 alikuwa na shinikizo la juu la damu, na zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa hata mara moja. Mashine ya kupimia inatosha kwenye meza ya duka. Na tangu 2017, anayetaka kujipima virusi vya ukimwi kwa siri ameweza kununua kifaa chake katika duka la dawa. Ni nani anayefaa kumweleza namna ya kukisoma, na aende wapi akipata majibu asiyoyatarajia, kama si mfamasia?

Lakini hapa, msomaji, kuna fundo ambalo sharti tulitaje, kwa sababu hotuba za wakubwa hulikwepa. Duka la dawa huishi kwa faida ya kile linachouza. Mfamasia akikwambia, "Huna haja ya dawa, kunywa maji ya moto na ulale", amekutibu vizuri na hakupata hata ndururu. Akikuuzia antibiotiki usiyoihitaji, amekutibu vibaya na amelipa kodi ya chumba. Tunamwekea mtu mtego huo kila siku halafu tunashangaa anaponaswa. Wako wafamasia wanaoushinda kwa uadilifu wao, nami nawavulia kofia. Lakini afya ya mamia ya maelfu ya watu wa Embakasi, Makadara na Kamukunji haiwezi kutegemea uadilifu wa mmoja mmoja.

Kwingine wamelitafakari. Uingereza ilianzisha tarehe 31 Januari 2024 mpango unaomruhusu mfamasia kutibu magonjwa saba madogo, kama koo, sikio na maambukizi mepesi ya njia ya mkojo kwa wanawake, kwa kufuata mwongozo maalum. Ulipoanza, serikali ilimlipa pauni 15 kwa kila mashauriano, awe ametoa dawa au hakutoa. Hiyo ndiyo siri yake: analipwa kwa kuuliza. Karibu zaidi na sisi, jirani zetu wa Tanzania walianza mwaka wa 2003 huko Ruvuma mpango wa Duka la Dawa Muhimu. Badala ya kuyafukuza yale maduka ya dawa baridi, waliwafunza wauzaji kwa wiki kadhaa, wakayakagua na kuyapa idhini ya kuuza orodha fulani ya dawa, kisha mpango ukaenea nchini. Hata hapa kwetu, huko Kilifi, watafiti waliwafunza wenye maduka ya kawaida katika miaka ya 1990 jinsi ya kuuza dawa ya malaria ya watoto, na vipimo walivyotoa vikawa sahihi zaidi kuliko hapo awali. Muuza duka si mjinga, hajafunzwa tu.

Najua nitajibiwa kwamba Kenya haina pesa za kumlipa mfamasia kwa maneno. Mbona tuna pesa za kumlaza mtoto aliyekaukiwa na maji, na za kununua antibiotiki za bei ghali pale zile nafuu zinaposhindwa? Kaunti ya Nairobi ingeweza kuanza na kidogo. Ichague maduka machache yaliyosajiliwa kule Eastlands, yenye mfamasia aliyepo kwa saa zote, iyalipe ada ndogo kwa kila mtoto anayeharisha aliyepewa ORS na zinki na kila mwenye kikohozi sugu aliyetumwa kupimwa, na iyape namba ya simu ya afisa wa afya wa kuripoti wagonjwa wanapoongezeka ghafla. Bodi ya Dawa na Sumu nayo ianze kumfuata mwenye cheti kilichokodishwa, badala ya kuishia kufunga mlango wa duka na kumkamata msichana aliyekutwa ndani.

Hadi hayo yatakapofanyika, ulinzi ulio karibu nawe ni bahasha. Ile ya kaki, ambamo hutiwa tembe nyeupe mbili, nyekundu moja na kapsuli ya rangi mbili, ukaambiwa "hizi asubuhi na jioni". Dawa hizo zikikufanya uvimbe uso usiku, daktari atakayekupokea hatajua umemeza nini, nawe hutaweza kumwambia. Kila dawa inatakiwa iwe na jina lake, nguvu yake, mara ngapi kwa siku, kwa siku ngapi, na jina la mgonjwa. Ukipewa bahasha isiyo na maandishi, irudishe dirishani kabla hujalipa, useme kwa upole: "Daktari, niandikie jina la kila moja."